Fidia ya Kaburi la Mama Mdogo Prudencia

Jumatatu, 20 Mei 2024

Leo nimeuona utajiri kwa macho yangu. Umebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, chini ya tangazo la chanjo ya kuku. Wenzangu wote hapa Itandula wameishia kwenye kuku. Mimi ni mtu wa kufunua.

Tangazo lenyewe: kusudio la Serikali kupanua Hifadhi ya Msitu wa Itandula. Kwa sasa hifadhi inaishia kwenye kilima cha mawe. Mpaka mpya utashuka hadi ziwani, umeze matete yote, umeze njia ya ng'ombe, umeze na shamba letu lililo kando ya njia hiyo. Mwenye pingamizi aandike kabla ya tarehe 28 Juni kwisha. Pingamizi la kijiji liambatane na muhtasari wa mkutano mkuu wenye akidi. Na watakaoguswa, mali zao zitathaminiwa, walipwe fidia.

Fidia! Nimelirudia neno hilo njia nzima. Nimeshauona mgahawa, Kirumba mjini, karibu na uwanja wa mpira, jina langu juu ya mlango: DEODATUS LWAKATARE. Siku za mechi watu wamejaa hadi barabarani. Mimi nimekaa kaunta, sisimami kwa ajili ya mtu yeyote.

Nikamweleza mke wangu, Paskazia. Akaendelea kupepeta mchele. Kasema shamba lile alipewa na marehemu mama yake, na ng'ombe wa kijiji kizima wanapita pale kwenda kunywa. Njia ikifungwa watakunywa nini, tangazo? Kasema ataandika pingamizi. Nikamwambia mambo ya sheria aniachie mimi, karani mstaafu wa ushirika wa pamba. Akaniangalia kama anavyouangalia mchele wenye mawe.

Alhamisi, 23 Mei 2024

Nilikwenda soko la Mwaloni kununua dagaa, nikarudi na elimu. Muuza dagaa mmoja aliwahi kuhamishwa kupisha barabara. Kasema mthamini anahesabu kila kilichosimama: mgomba, mti, choo. Na kilicholala pia anahesabu. Kaburi lina fidia yake, na hajawahi kuona mthamini mwenye moyo wa kubishana na kaburi.

Jioni nimepanda migomba. Mingi! Nimeibananisha hadi kuku hapiti katikati. Sisi Wahaya tumezaliwa chini ya mgomba, kwa hiyo najua kabisa kwamba hii haitazaa. Haikupandwa izae, imepandwa ihesabiwe.

Jirani yangu Ngosha alipita na ng'ombe wake, akasimama kucheka. Kauliza kama ni migomba au ni mchicha. Mimi nilikuwa natazama shamba lake upande wa pili wa njia. Limeota boma la tofali mbichi ambalo juzi halikuwepo. Halina mlango. Halina hata dirisha. Mtu huyu ana tamaa mbaya sana.

Jumapili, 26 Mei 2024

Asubuhi niliumwa tumbo. Paskazia kaenda misa peke yake. Majirani wote walikuwa kanisani au njiani kwenda kanisani.

Tumbo likapona. Nikachukua saruji iliyobaki tulipojenga choo, nikashuka shambani. Kaburi moja zuri, katikati ya migomba, kama tunavyozika kwetu Kamachumu. Fupi kidogo, saruji haikutosha. Nikalipaka mavi ya ng'ombe lionekane la siku nyingi.

Likabaki jina. Kaburi lisilo na jina halina ndugu, na lisilo na ndugu halina fidia. Jina la kubuni ningelisahau mbele ya mthamini. Nikachagua jina nisiloweza kulisahau hata nikitaka: Prudencia, mama yangu mdogo, aliyenilea kwa fimbo. Nikaandika kwa msumari, nikaweka msalaba, nikaweka na mwaka wa kufariki, mwaka jana.

Mama mdogo ni mzima. Yuko Kamachumu, anapalilia kahawa na kugombana na katekista. Lakini kati yake na mimi kuna ziwa zima. Nani atavuka ziwa kuja kusoma kaburi?

Paskazia aliporudi aliuliza tumbo linaendeleaje. Nikasema vizuri sana.

Jumanne, 28 Mei 2024

Paskazia kapeleka pingamizi lake kwa Mtendaji wa kijiji, Nestory. Huyu Nestory ni mgeni, kahamishiwa hapa juzi juzi kutoka Kigoma, bado anauliza watu njia ya kisimani. Kamwambia barua ya mtu mmoja ni nyepesi. La kijiji kizima ndilo zito, na hilo linataka mkutano mkuu.

Jioni Nestory kaja kwangu kuomba ushauri wa tarehe, karani kwa karani. Nikampa tarehe. Jumamosi ya tarehe nane Juni, nikasema, watu huwa hawana kazi. Kashukuru, kaandika. Kasema kijiji kina bahati kuwa na mtu mwenye uzoefu.

Sikumwambia kwamba tarehe nane ni ngoma za Bulabo kule Bujora. Hakuniuliza.

Jumatatu, 3 Juni 2024

Watu wa kupima walipita wiki iliyopita wakachomeka vigingi vyenye utepe mwekundu. Kigingi kimoja kimekiacha choo chetu nje ya mpaka. Choo kizuri, cha saruji! Asubuhi nikakisogeza kigingi kidogo, choo kikaingia hifadhini.

Mchana nikakuta Ngosha naye kakisogeza, kukiingiza kisima chake. Nikakirudisha. Akakirudisha. Hatukukutana hata mara moja, kila mtu alingoja mwenzake aondoke. Mwisho wa yote fahali wangu, Waziri, kala utepe. Nilimpa jina hilo kwa sababu ya tumbo lake, na leo kalithibitisha.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Ushindi. Mkutano mkuu umehudhuriwa na Mwenyekiti wa kijiji, Nestory, Paskazia, mimi, na mzee mmoja aliyedhani ni siku ya mbolea ya ruzuku. Wengine wote Bujora. Kila mmoja alijua tarehe zimegongana, na kila mmoja alidhani jirani yake ndiye atakayebaki kuwakilisha. Toka asubuhi ngoma zinasikika kutoka upande wa Kisesa, vikundi vya Bagika na Bagalu wanashindana nani atavuta watu wengi, na Serikali ya kijiji haikuwa hata kwenye mashindano.

Akidi haikutimia. Nestory kaahirisha mpaka siku itakayotajwa. Njiani nikamuuliza Paskazia kama ana njaa. Kasema hana, anajiuliza tu ni nani alimshauri Nestory tarehe ile. Nikasema wageni wana matatizo yao.

Mchana nilikwenda Bujora mwenyewe. Nilicheza kidogo. Kulikuwa na mchezaji mwenye chatu mzuri sana.

Alhamisi, 13 Juni 2024

Siku mbaya.

Mthamini amefika, Bibi Rebeka, mwanamke mpole mwenye kofia pana na kifaa cha kupima kinachoongea na satelaiti. Vigingi hakuviangalia hata kimoja. Kasema ni uhakiki wa awali tu. Mbele ya migomba yangu kauliza kama kuna mtu mwembamba wa kutosha kuivuna. Kaandika: kichaka cha migomba. Kichaka! Kwa Ngosha kaandika: kuta nne, hazina mlango. Hilo lilinifariji.

Kisha kaburi. Bibi Rebeka kavua kofia, kanipa pole. Nikaipokea vizuri, kichwa nimekiinamisha. Kauliza jina, uhusiano, mwaka. Nikajibu yote bila kukwama. Mgahawa wa Kirumba ukapata ghorofa ya pili.

Ndipo akasema utaratibu unataka majirani wawili washuhudie. Kamwita Ngosha, kamwita na Masalu. Masalu ni kaka mkubwa wa Paskazia, shemeji yangu, na ndiye mkuu wa nzengo, yaani umoja wetu wa majirani. Wakasimama juu ya kaburi. Wakalisoma. Nilikuwa nimejiandaa wakikataa kuamini, majibu ninayo ya kutosha. Tatizo ni kwamba waliamini.

Masalu akauliza polepole, "Shemeji, mlimzika lini mama yako?"

Nikasema mwaka jana.

"Na sisi tulikuwa wapi?"

Nimekaa Usukumani zaidi ya nusu ya maisha yangu. Huku ukiiba kuku unaweza kusamehewa, lakini kuzika bila kuiita nzengo ni jambo jingine kabisa. Nzengo ndiyo inayochimba. Nzengo ndiyo inayopika, ndiyo inayolala nje na wafiwa. Ukizika kimya kimya umewaambia majirani kwamba si watu. Nilikuwa nalijua jambo hili. Sijui nililiweka wapi siku ile ya saruji.

Nikawa na njia mbili. Nikiri kwamba kaburi ni tupu, mbele ya afisa wa Serikali mwenye kalamu mkononi. Au nikiri kwamba nilimfukia mama yangu mdogo kama paka. Nikaiangalia ile kalamu. Nikasema marehemu mwenyewe aliomba mambo yaende haraka.

Ngosha aliondoka bila kuaga. Paskazia alikuwa nyuma yetu na beseni lake, kasikia kila kitu. Tulipofika nyumbani kaniambia jambo moja tu: mama mdogo Prudencia alipiga simu jana, anauliza kama mvua zimekwisha.

Jumatatu, 17 Juni 2024

Tumetengwa. Neno lenyewe hakuna aliyelitamka. Asubuhi nilimsalimia Ngosha kwa Kisukuma, mwangaluka, akaangalia mawingu. Mashine ya kusaga inaharibika nikifika mimi, inapona nikiondoka. Kisimani wanawake wanamaliza kuteka wote kwa pamoja mara wakimwona Paskazia.

Mimi ningevumilia. Mtu aliyesoma huzoea upweke. Lakini leo nimemwona Paskazia kajitwisha mahindi kwenda kusaga Kisesa, mbali kote kule, akipita mbele ya nyumba za shangazi zake mwenyewe, na hakuna aliyetoka kumpokea mzigo. Kazaliwa hapa. Kitovu chake kimezikwa hapa. Imeniuma. Nasema wazi, imeniuma sana. Nikamkimbilia, nikambebea mahindi. Tulipofika kasema asante, na hiyo asante iliniuma kuliko yote.

Nikamwambia twende kwa Masalu tukaseme kweli. Kasema aliyejenga kaburi ndiye atakayesema. Nikasema sawa, kesho.

Jumanne, 18 Juni 2024

Nilikwenda kwa Masalu kusema kweli. Nilitoka nyumbani nikiwa nayo mdomoni kabisa.

Nilipofika, wazee wa nzengo walikuwa wamekaa na hukumu wameshaimaliza. Nichinje fahali. Nzengo yote ije kula nyumbani kwangu Jumamosi. Marehemu afanyiwe msiba wa heshima, na yaishe. Kisha wakanipa mikono, mmoja mmoja. Hata Ngosha! Kasema yeye alishaanza kukosa mtu wa kumcheka. Nikaona si adabu kuwaharibia wazee hukumu nzuri namna ile.

Nina fahali mmoja tu. Nilimtazama Waziri muda mrefu. Naye alinitazama, anatafuna, hana habari.

Paskazia kauliza ukweli wameupokeaje. Nikasema wameupokea vizuri. Kachukua simu, katoka nje kuongea na mtu. Sikusikia nani.

Jumamosi, 22 Juni 2024

Naandika nikiwa nyuma ya banda la kuku. Kwingine kote kumejaa, na ninajificha.

Asubuhi walianza kuja. Kila mtu kaja. Mkutano wa Serikali mtu anaweza kuukosa, msiba mtu anaweza kuchelewa, lakini faini ya jirani haimpiti mtu. Wamekuja wa hapa, wamekuja mabinti walioolewa mbali, kuna na mgonjwa aliyeletwa kwenye mkokoteni. Wamekuja na sufuria za kubebea. Waziri alikuwa kwenye vyungu. Wanawake wakaimba kilio cha mama mdogo, wakamlilia vizuri kuliko alivyostahili. Kwa mila ya faini mkosaji hakai mpaka watu wote washibe, kwa hiyo upawa haukunitoka mkononi.

Mchana nikamwona Nestory penye uzio. Anahesabu watu kwa kidole. Kahesabu tena, midomo inatembea. Kisha kaondoka mbio kuelekea ofisini.

Nikaelewa. Akidi! Kijiji kizima kimekaa uani kwangu, na hakitaondoka mpaka vyungu vikauke. Na siku ya mwisho ya pingamizi ni Ijumaa ijayo.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikaanza kugawa upesi upesi, minofu mikubwa, bila kuchagua, ili wale, washibe, waende zao kabla Nestory hajarudi. Walipoiona minofu mikubwa wakatuma watu kuwaita waliobaki kulinda nyumba.

Nestory karudi na Mwenyekiti na daftari la mahudhurio. Kasema mkutano wa tarehe nane uliahirishwa tu, haukufa, na siku itakayotajwa ndiyo leo. Mwenyekiti akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa. Likasomwa pingamizi la kijiji, lile lile la Paskazia: njia ya ng'ombe ibaki wazi hadi ziwani, mashamba ya kando yake yabaki kwa wenyewe, na msitu upanuliwe upande wa pili wa kilima ambako hakuna anayelima wala kuchunga. Wanaokubali wanyooshe mikono. Mikono ikapanda, mingi ikiwa na mfupa. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinua upawa kumwongezea mchuzi mke wa Masalu. Nestory kanihesabu.

Limepita bila kupingwa. Hata na mimi!

Nilidhani ubaya umeishia hapo. Ikaingia pikipiki kutoka Kisesa. Akashuka mwanamke mrefu, mnyoofu, ana begi la safari na mfuko wa senene wakavu. Mama mdogo Prudencia! Ndipo nikajua ni nani aliyepigiwa simu Jumanne.

Kakuta watu wanalia. Mtu wa kanisa, hakuuliza kitu. Kaweka begi chini, kajiunga. Kalia kwa sauti iliyowafunika wote, mpaka waimbaji wakampisha mbele. Wakampa kiti, wakampa maji, wakampa nyama. Kala. Alipofuta mikono ndipo akamuuliza wa jirani yake jina la marehemu.

Kimya kilianzia pale pale alipokaa, kikaenda kinasambaa mpaka kwenye vyungu.

Kaomba aonyeshwe. Tukashuka shambani, kijiji chote nyuma yetu. Kasoma kaburi kwa kidole, herufi kwa herufi. Kaangalia migomba. Kaangalia ziwa. Mwisho kaniangalia mimi.

"Ni fupi," kasema. "Mimi nitalala nimekunja magoti?"

Nikamwamkia shikamoo. Hata katika hali ile, shikamoo haisahauliki. Kaitikia marahaba, kisha akavua kandambili. Ya hapo siyaandiki.

Ngosha ndiye aliyemshika mkono, kasema amenihurumia, ingawa alichelewa kidogo kunihurumia. Nikamtazama Masalu, labda shemeji atanitetea. Masalu kasubiri watu wamalize kucheka.

"Mwanzo kosa lilikuwa kuzika bila kutuita," kasema. "Sasa kosa ni kutuita bila kuzika. Hili hatujawahi kuwa na faini yake. Tutaitafuta."

Kuhusu fahali, kaongeza, hawezi kurudishwa, na kila mtu anaona sababu.

Ijumaa, 28 Juni 2024

Faini ya pili imepatikana. Mimi mwenyewe nipeleke pingamizi la kijiji ofisi ya wilaya, Magu, na nimweleze Bibi Rebeka kwa mdomo wangu kwamba kaburi halina mtu. Bahasha moja, siku ya mwisho, njia ndefu. Mtu mwenye akili hawezi kukosa la kufanya. Upepo upo, madaraja yapo.

Nzengo ililiwaza hilo. Mama mdogo kakaa katikati, kati yangu na dereva wa pikipiki, bahasha kaifunga ndani ya kitenge. Njia nzima kanisimulia jinsi ninavyofanana na baba yangu.

Bahasha ikapokelewa, ikagongwa muhuri. Bibi Rebeka kamshika mama mdogo mkono, kasema katika kazi yake ameona mali nyingi zikitoweka siku ya uthamini, lakini marehemu kutokea ndiyo mara ya kwanza. Kisha kanitazama juu ya miwani. Kasema sheria ina kifungu cha watu kama mimi, na angekisoma, ila ana foleni. Kwenye karatasi yake kalipiga kaburi mstari. Nilihisi kama mstari umepita juu ya kaunta yangu.

Paskazia alikuwa anatusubiri njia panda. Hakuniuliza mimi, kamuuliza mama mdogo. Mama mdogo kasema imefika. Paskazia kakaa chini pale pale barabarani, kajifunika uso kwa khanga. Sikujua kama analia au anacheka. Nikakaa naye.

Jumatano, 11 Septemba 2024

Tangazo limetoka kwenye Gazeti la Serikali. Nestory kalibandika ubaoni, safari hii juu ya kuku. Hifadhi imepanuka, imepanuka vizuri kabisa, kule nyuma ya kilima na kwenye matete ya mbali. Ikifika njia ya ng'ombe inapinda. Bikoni za zege, alama za mpaka, zimesimikwa. Moja iko nje ya shamba letu, karibu sana na mgomba wa mwisho. Ukinyoosha mkono unaigusa. Niliigusa.

Fidia hakuna. Mgahawa hakuna. Ngosha naye hakupata kitu, na sasa anatoboa ukuta apate pa kuingizia mbuzi. Hilo limenisaidia kula chakula cha mchana.

Jua likiwa utosini ng'ombe wameshuka kwenda kunywa. Paskazia alisimama kando ya shamba la mama yake akawatazama wote, mpaka wa mwisho. Alikuwa anatabasamu peke yake. Sijamwona akitabasamu hivyo tangu tulipooana. Jioni kanikaangia sato mzima. Nilijaribu kukasirika, nikashindwa, sato alikuwa mtamu.

Mama mdogo hajarudi Kamachumu. Kasema kaburi lipo, upepo wa ziwa ni mzuri, majirani wanajua kulia, na yeye haoni sababu ya kupanda meli kwenda na kurudi. Kaniamuru nilirefushe, nimelirefusha. Nimezinyoosha na herufi. Mwaka nimeufuta. Kasema huo si mimi wa kuupanga.

Ijumaa, 20 Septemba 2024

Wapimaji wamepita tena! Si wa hifadhi hawa, ni wa barabara. Wamechora alama nyekundu kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, na mmoja kaninong'oneza kwamba barabara huenda ikakata nyuma ya nyumba yetu, pale kwenye mihogo. Mihogo ni yangu, haikutoka kwa mama ya mtu. Fidia!

Nimekaa chini nikayatafakari makosa yangu kwa unyenyekevu. Kwanza, nilizika bila kuiita nzengo. Pili, nilimzika mtu anayeweza kupanda meli. Mtu mzima hujifunza. Saruji ipo, ile ya kumrefushia mama mdogo ilibaki. Safari hii nimemchagua marehemu ambaye hatashuka ghafla kutoka kwenye pikipiki yoyote, kwa sababu yuko hapa hapa siku zote: Deodatus Lwakatare. Nimeandika kwa mkono wangu. Herufi zimenyooka.

Na nzengo nimeiita mapema kabisa. Mazishi ni Jumapili baada ya misa. Masalu kanisikiliza mpaka mwisho, hakucheka. Kauliza swali moja tu, mwili utafika saa ngapi.

Nimemwambia asijali, utakuja wenyewe kwa miguu.